Ng'ombe wako wa kwanza wa maziwa: kazi za siku, kuanzia alfajiri hadi usiku

Mtu akinunua ng'ombe wa maziwa hapa Tanga, haipiti wiki simu zinaanza. Nimpe pumba kilo ngapi? Mbona maziwa yameshuka? Kupe wametoka wapi na ng'ombe mwenyewe hatoki bandani? Maswali ni yale yale kila msimu, kwa hiyo nayajibu hapa kwa kufuata siku yenyewe inavyokwenda.

Mwongozo huu ni wa mwenye ng'ombe mmoja au wawili chotara, anayefugia ndani, awe Pongwe, Kange, Muheza au njia ya Pangani. Wa Lushoto mtanisamehe. Kwenu kuna baridi, na huku chini joto ndilo nusu ya shida zetu.

Kabla ya kumleta

Wengi huanza kwa kuuliza aina ya ng'ombe. Swali hilo liache mwisho. Anza na haya:

- Majani. Ng'ombe wa kilo 400 hula kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku. Panda majani ya tembo miezi mitatu au minne kabla ng'ombe hajafika, na ukiweza tenga ekari nzima kwa ng'ombe mmoja. Nusu ekari inatosha wakati wa masika, ila Januari na Februari utalia. Pembeni panda miti ya malisho, lukina au glirisidia, maana majani yake yana protini kuliko tembo.
- Maji. Hesabu lita 60 hadi 80 kwa siku kwa ng'ombe anayekamuliwa katika joto letu. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Yaonje mwenyewe kwanza: yakikushinda wewe kunywa, usitegemee maziwa mengi kutoka kwayo.
- Banda. Sehemu ya kulala iwe na urefu wa mita 2.1 na upana wa mita 1.2. Sakafu iwe ya zege lililokwaruzwa, lisiloteleza, lenye mteremko kidogo kuelekea mfereji. Kwa paa, makuti ni baridi kuliko bati, ila huvuja na hukaribisha panya. Ukiezeka bati, liinue juu na uache pande wazi upepo upite. Banda lililozibwa kama chumba cha kulala watu ni tanuri.
- Vyombo. Ndoo ya kukamulia na nyingine ya kuoshea, keni ya alumini yenye mdomo mpana, kitambaa safi cha kuchujia, kikombe chenye rangi nyeusi ndani, mafuta ya kukamulia, kipimajoto, tochi, kamba na daftari.
- Mtaalamu. Uwe na namba ya afisa mifugo wa kata na ya mhamilishaji (anayepandisha ng'ombe kwa mrija) kwenye simu kabla hujazihitaji. Usianze kuzitafuta saa nane usiku ng'ombe akiwa chini.

Kama uko ndani ya mji, pita ofisi ya mtaa uulize sheria ndogo za ufugaji. Ni bora kuuliza leo kuliko kuitwa kesho kwa sababu jirani amelalamikia harufu.

Sasa ng'ombe. Chukua mtamba (ng'ombe jike ambaye hajawahi kuzaa) chotara mwenye mimba, damu ya kizungu nusu hadi robo tatu. Frisian halisi anapendeza kwenye picha, lakini huku pwani atahema ulimi nje kutwa. Muulize muuzaji kama mtamba amechanjwa ndigana kali, ugonjwa hatari unaoletwa na kupe. Chanjo hiyo hutolewa mara moja, na aliyechanjwa kwa kawaida huvalishwa hereni sikioni. Ukiambiwa "amechanjwa" na sikio halina kitu, mwite mtaalamu wako kwanza, pesa ibaki mfukoni.

Siku yenyewe

1. Saa kumi na moja alfajiri: mtazame kabla hujamgusa.
Simama mlangoni dakika mbili. Je, amesimama au anainuka bila shida? Pua ina unyevunyevu? Anacheua? Kinyesi cha usiku kikoje? Jana majani yalibaki horini au aliyamaliza? Ukiwa na shaka, mpime joto wakati huu, kabla jua halijapanda. La kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.3. Likizidi 39.5 alfajiri, piga simu hiyo hiyo asubuhi.

2. Toa samadi, fagia, mwaga maji.
Fanya hivi kabla ya kukamua, na uache vumbi litue. Samadi ipeleke kwenye majani ya tembo, ndiyo mbolea yake.

3. Kamua.
Hapa ndipo wageni wengi huharibu, kwa hiyo twende polepole.

a) Osha mikono kwa sabuni. Kucha ziwe fupi.

b) Chotara wengi hawaachii maziwa bila kumwona ndama. Mlete ndama anyonye kidogo kila chuchu, kisha mfunge mbele ya mama yake, mahali anapoweza kumlamba.

c) Osha kiwele kwa maji ya vuguvugu, kisha kikaushe kwa kitambaa chake peke yake. Kiwele kikibaki kinatiririka, maji machafu yanateremka moja kwa moja kwenye ndoo yako.

d) Mkamulio wa kwanza wa kila chuchu, mara mbili au tatu, uende kwenye kikombe cheusi. Kiinamishe kidogo kwenye mwanga. Maziwa mazima huteleza sawasawa ukutani mwa kikombe. Yenye ugonjwa huacha chembe nyeupe zilizoganda, au huonekana majimaji. Usiyakamulie sakafuni, unasambaza ugonjwa.

e) Paka mafuta kidogo kwenye mikono. Bana chuchu juu kwa kidole gumba na cha shahada, kisha funga vidole vilivyobaki kimoja kimoja kuelekea chini. Usivute. Kuvuta chuchu kwa vidole viwili ni mtindo wa zamani, na unaumiza chuchu kwa ndani.

f) Maliza ndani ya dakika saba hivi. Ng'ombe akishaachia maziwa, hali hiyo haidumu. Ukipokea simu katikati, atakubania, na yanayobaki ndani ndiyo mbegu ya ugonjwa wa kiwele.

g) Mwisho chovya chuchu kwenye dawa yake, kama ipo.

Kama una ng'ombe wawili na mmoja ana kiwele kibovu, huyo akamuliwe wa mwisho.

4. Mwekee chakula asimame.
Mara baada ya kukamuliwa, matundu ya chuchu huchukua kama nusu saa kufunga. Akilala kwenye uchafu wakati huo, vijidudu vinaingia. Kwa hiyo majani yawe tayari horini.

Pumba (yaani mchanganyiko ulio hapo chini): anza na kilo moja kwa kila lita mbili na nusu za maziwa. Ng'ombe wa lita 10 apate kilo 4 kwa siku, mbili asubuhi na mbili jioni. Ukiongeza, ongeza kidogokidogo kwa muda wa wiki moja au mbili. Ukimmwagia debe zima kwa furaha ya kuzaa, tumbo litachachuka.

Mchanganyiko wa kilo 100 unaofaa: pumba za mahindi 68, mashudu 29, madini ya mifugo 2, chumvi 1. Mashudu ya alizeti ni mazuri. Ya nazi pia, mradi hayajachacha. Inusa kila gunia. Pumba zenye ukungu usimpe hata kuku, maana sumu ya kuvu hupita kwenye maziwa ikaingia kwenye chai ya mtoto wako. Na tukiwataja kuku, wasilale juu ya hori. Usiku mmoja tu wanatosha kuchafua chakula chote.

5. Chuja na upeleke maziwa.
Mimina kupitia kitambaa kilichochemshwa, funika, weka kivulini. Yafike kwenye kituo cha kukusanyia maziwa ndani ya saa mbili. Dumu la plastiki la mafuta ya kula achana nalo kabisa. Shingo yake haiingizi mkono, na kilichoganda ndani hukitoi kwa kutikisa mchanga. Keni ioshwe kwa maji baridi kwanza, kisha ya moto na sabuni, kisha ianikwe mdomo chini juani. Ukianza na maji ya moto, maziwa yanagandia kwenye chuma.

Kituoni watayapima kwa spiriti na kwa kipimo cha uzito wa maziwa. Maziwa mazima hukaa kati ya 1.026 na 1.032. Ukiongeza maji, kipimo kinashuka, na jina lako nalo.

6. Ndama.
Mpe maziwa asilimia 10 ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 30 apate lita tatu kwa siku, zigawanywe mara mbili, yakiwa na joto la mwili. Alale peke yake, pakavu. Akishazaliwa tu, kitovu kichovye kwenye ayodini, na dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) aipate mapema iwezekanavyo, zisipite saa sita tangu azaliwe. Hiyo ndiyo kinga yake. Kuna watu bado wanaimwaga dang'a eti ni chafu, kisha wanashangaa ndama akifa kwa kuhara. Ziada mpe ndama mwingine, ila usiipeleke kituoni. Maziwa ya wiki ya kwanza hayapokelewi.

7. Kata majani, umande ukishakauka.
Majani ya tembo yakatwe yakifika kimo cha mita moja hivi, yaani kila wiki sita hadi nane. Kata karibu na ardhi, acha kisiki cha sentimita 10. Ukiyaacha yarefuke kukuzidi wewe, unalisha fimbo: ng'ombe anachagua ncha na mabua yanabaki horini. Katakata vipande vya urefu wa kidole, kwa panga au kwa mashine.

Kijana wa majani akileta ya kando ya barabara au ya kati ya mistari ya mkonge, yapekue kwanza. Tafuta mifuko ya plastiki, misumari, vipande vya kamba. Ng'ombe hachagui kwa ulimi. Anazoa na kumeza, na kamba ya nailoni ikishaingia haitoki. Muulize pia kama hapo pamepuliziwa dawa ya magugu. Na hapo ndipo jibu la kupe lilipo: wanakuja na majani, hasa ya mahali wanapopita ng'ombe wa kuchungwa. Anika majani juani saa kadhaa kabla ya kumpa.

Maganda na majani ya muhogo, ambayo huku kwetu hayakosekani, yana sumu yakiwa mabichi, hasa ya muhogo mchungu. Maganda yakaushe juani mpaka yavunjike mkononi. Majani yanyaushe kwanza, na yasiwe mlo mzima.

8. Saa sita hadi saa tisa: maji na kivuli.
Jua la kaskazi likiwaka, ng'ombe hali, anahema tu. Usimlazimishe. Hakikisha maji hayakauki hata saa moja na ni ya baridi, na beseni liko kivulini. Mwagie maji mgongoni kama upepo unapita. Kama hakuna upepo, unyevu unamzidishia joto. Sehemu kubwa ya majani mpe jioni na usiku, atakula kukiwa na ubaridi.

9. Saa kumi jioni: rudia hatua ya 3 hadi ya 6.
Saa zisibadilike. Ramadhani ndiyo mtihani, kwa sababu mkamuaji amefunga, amechoka, na futari inanukia jirani. Panga mapema nani anakamua. Ng'ombe hajui mwezi umeandama, akicheleweshwa saa mbili siku tatu mfululizo maziwa yanashuka.

10. Kabla ya kulala: tochi na daftari.
Inua sikio, ligeuze, mulika ndani. Kupe wa ndigana kali ni wa kahawia na anapenda humo, kwenye manyoya ya ukingo na ndani kabisa ambako dawa haifiki. Kisha tazama chini ya mkia na katikati ya mapaja.

Huu pia ni wakati wa kutazama joto la kupanda. Ng'ombe aliye peke yake hana wa kumpanda, kwa hiyo dalili ni nyingine: analia bila sababu, hatulii, maziwa yamepungua, na nyuma unaning'inia ute mwangavu kama wa yai bichi. Huku pwani dalili nyingi hutokea usiku na alfajiri, mchana huzioni. Ukiziona asubuhi, mhamilishaji aje jioni. Ukiziona jioni, aje kesho asubuhi. Andika tarehe, kisha hesabu siku 21. Zikipita kimya ni dalili njema, lakini mimba ipimwe na mtaalamu akishafika miezi miwili au mitatu.

Kazi zisizo za kila siku

Kuogesha kwa dawa ya kupe ni kila wiki, baada ya kukamua asubuhi, kamwe si kabla. Fuata kipimo cha kwenye chupa. Kupunguza dawa ili idumu ni kuwafundisha kupe kuizoea. Pulizia ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kwapa, siyo mgongoni tu ambako ni rahisi kufika.

Dawa ya minyoo mpe kwa ratiba ya mtaalamu. Kwato zikirefuka zikatwe. Baada ya kuzaa subiri siku 60 kabla ya kumpandisha tena, na umkaushe (uache kumkamua) siku 60 kabla ya kuzaa, hata kama bado anatoa lita nne na roho inakuuma. Mimba ni miezi tisa, na kiwele kinahitaji kupumzika.

Ukikwama

*Maziwa yameshuka ghafla.* Kabla ya kufikiria dawa, kagua maji. Beseni tupu kwa nusu siku linatosha. Kisha uliza: pumba zimebadilishwa? Mkamuaji ni mpya? Yuko kwenye joto? Baada ya hayo mpime homa.

*Chembe kwenye kikombe, au robo ya kiwele (sehemu ya chuchu moja) ina moto na imevimba.* Ni ugonjwa wa kiwele. Kamua robo hiyo mara nyingi zaidi, maziwa yake mwaga shimoni, mwite mtaalamu. Akitibiwa, usiuze wala kunywa maziwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe, hata kama yanaonekana mazuri.

*Homa ya juu, tezi la chini ya sikio au la mbele ya bega limevimba, hali.* Fikiria ndigana kali, uite mtu leo leo. Dawa yake ni nzuri ikiwahi. Akishaanza kukohoa na kutoa povu puani, umechelewa sana. Mkojo mwekundu ni ugonjwa mwingine wa kupe, nao hausubiri kesho.

*Ubavu wa kushoto umejaa hewa kama ngoma.* Msimamishe, miguu ya mbele iwe juu zaidi, mtembeze. Kama bado anameza vizuri, mnyweshe mafuta ya kula nusu lita polepole kwa pembeni ya mdomo. Hajapungua? Ni dharura. Usijaribu kumtoboa kwa kisu cha jikoni.

*Amezaa jana, leo ameanguka, shingo imepinda, masikio ya baridi.* Hiyo ni homa ya maziwa: kalsiamu imeisha mwilini. Usimnyweshe kitu chochote, kitaingia mapafuni. Mlaze kifudifudi, mwegemeze na magunia yenye nyasi, na mtaalamu amtie kalsiamu kwenye mshipa. Wengi huinuka siku hiyo hiyo.

*Kondo la nyuma halijatoka.* Subiri, lakini zikipita saa 24 mwite mtu. Usilivute, na usifunge jiwe.

*Anapandishwa kila mara na hashiki.* Tazama daftari lako kwanza: je, mhamilishaji huwa anafika saa sahihi? Tazama mbavu zake pia, maana ng'ombe aliyekonda hashiki hata mbegu ikiwa ya dhahabu. Akitoa usaha, au akiwa amewahi kutupa mimba, omba apimwe damu. Kuna ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza watu kupitia maziwa mabichi, kwa hiyo ya nyumbani yachemshe siku zote.

*Kituoni wameyakataa maziwa.* Usigombane nao pale mlangoni. Kama yameganda kwenye spiriti, ama yamekaa muda mrefu, ama keni haikuoshwa vizuri, ama kuna robo moja mbovu ambayo mkamuaji hakuipima. Jioni kamua kila robo kwenye kikombe ukiwa mwenyewe.

*Anapiga mateke.* Angalia chuchu kama ina kidonda au mpasuko, na kucha za mkamuaji. Mtamba aliyezaa mara ya kwanza anaogopa tu. Anza kumzoesha mwezi mmoja kabla ya kuzaa, kwa kumshika kiwele kila siku wakati anakula pumba, na yule yule atakayemkamua ndiye awe anamshika.